Karatasi ya Avenyu ya Sita

Kule Cibitoke, avenyu ya sita, watu waliazimana vitu viwili bila aibu: kinu cha Lisette na karatasi ya Mwanasiti. Kinu kilikuwa na ufa ubavuni. Karatasi ilikuwa nzima, kwa sababu Mwanasiti aliitunza kuliko alivyomtunza marehemu mumewe, na marehemu mwenyewe aliwahi kulalamika juu ya hilo. Ilikaa ndani ya kifuko cha plastiki ambacho zamani kilikuwa cha leseni ya marehemu. Mzee alikuwa makanika. Alipofariki leseni haikuwa na kazi tena, lakini kifuko kilikuwa bado kigumu, na Mwanasiti si mtu wa kutupa kitu kigumu.

Karatasi hiyo ilikuwa ordonansi, ile anayoandika daktari uipeleke farmasi upewe dawa. Iliandikwa miaka minane nyuma, siku ya mvua, kwenye kituo cha afya cha hapo mtaani. Mjukuu wake Raihana, wakati ule ana miaka kumi na minne, alikuwa anakohoa, pua zinatiririka, macho mekundu. Benchi lilijaa watu kama harusini, ila hakuna aliyecheka. Daktari alikuwa kijana, mwembamba, shati limemzidi mabega. Alimtazama Raihana kooni, akamsikiliza kifua, akasema ni mafua tu. Mwanasiti akamwambia hakutembea kwenye mvua kuja kuambiwa jina la ugonjwa anaoujua tangu utotoni. Amekuja kuchukua dawa. Kijana akatazama benchi, akatazama saa, akashika kalamu. Akaandika amoxicilline, na chini yake akaandika ciprofloxacine, zote mbili, kama mtu anayefunga mlango halafu akarudi kufunga na dirisha. Akagonga kashe, ule mhuri wa zambarau wa daktari, akaita mwingine.

Siku ya nne Raihana akapona. Mafua hata ukiyaacha, siku ya nne huwa yamechoka yenyewe. Lakini Mwanasiti hakuambiwa hilo, na hata angeambiwa asingekubali, maana alikuwa ameona kwa macho yake.

Wiki iliyofuata mtoto wa Lisette akaanza kukohoa. Mwanasiti akatoa karatasi. Shakuru wa farmasi ya pembeni, aliyemwita Mwanasiti shangazi ingawa hawakuchangia damu, akaisoma, akatoa dawa, akairudisha karatasi. Mtoto akapona siku ya nne. Hapo ndipo karatasi ilipopata jina.

Kuiazima kulikuwa na masharti. Unairudisha kabla ya magharibi. Hukunji mkunjo mpya, mikunjo iliyopo inatosha. Humpi mtu wa avenyu ya saba, kwa sababu watu wa avenyu ya saba waliwahi kukaa na sufuria ya Mwanasiti mpaka Idi ikapita. Tarehe ilikuwa imefutika. Watu walidhani ni jasho la mikono, kumbe ni Mwanasiti mwenyewe, kidole na mate, kidogo leo kidogo kesho, mpaka Shakuru akaacha kuuliza. Jina kwenye kashe nalo lilififia. Mwanasiti alijua ni la nani, Shakuru alikisia, wengine hawakuuliza. Karatasi ikatibu mafua, jino, tumbo, kidole kilichobanwa na mlango, na huzuni ya Lisette alipoachwa na mume wa pili.

Mwaka huu maji ya mafuriko yalipoingia Buterere, Mwanasiti alikwenda kumsaidia binti yake Assia kutoa vitu ndani. Akakanyaga bati lililozama. Jeraha lilikuwa dogo, chini ya kifundo cha mguu wa kushoto. Akajitibu kama alivyotibu mtaa mzima: kapsuli mbili asubuhi, moja jioni akikumbuka, na nyingine akaifungua akamwaga unga wake juu ya kidonda, ili dawa iingie kwa milango yote. Maumivu yakipungua anaacha, zilizobaki anazifungia kwenye pindo la kitenge. Yakirudi anaanza tena. Miezi miwili ikapita hivyo, ya kuanza na kuacha.

Kidonda hakikufunga. Kikaanza kunuka. Halafu wekundu ukatoka kifundoni ukaanza kupanda, kila siku upana wa kidole. Mwanasiti alijua ni upana wa kidole kwa sababu aliupima: kila asubuhi alichora mstari kwa kalamu ya biki pale wekundu ulipoishia, na kila asubuhi iliyofuata aliukuta mstari umeachwa nyuma.

Mtaani hapo alikuwepo Karimu, fundi cherehani, aliyekatwa mguu mwaka juzi kwa kidonda kilichoanza vivyo hivyo. Tangu siku ile Karimu alikaa mlangoni kwake akisubiri watu wampitie. Mwanasiti alikuwa mtu wa kupitia watu, si wa kupitiwa. Mistari ya kalamu ilipofika minne, akavaa vizuri, akatia kifuko cha plastiki kifuani ili akitoka huko apitie kwa Shakuru, akaenda kituoni.

Alikaa wa kwanza kwenye benchi, ubavu kwa ubavu na ofisi ya daktari. Mlango wa ofisi ulikuwa umepelekwa kutengenezwa siku nyingi, fundi naye akawa kama amehama nao, kwa hiyo pale palining'inizwa pazia la kitenge. Ndani walikuwa Dokta Vainqueur na msichana wa chuo kikuu aitwaye Chanelle, aliyekuwa akizunguka vituo vyote kutoka Rohero, mjini kati, mpaka huku, akiwauliza madaktari maswali juu ya antibiotiki: wanajua nini, wanafikiri nini, wanaandika nini.

Dokta Vainqueur ndiye yule kijana mwembamba wa siku ya mvua. Sasa alikuwa na tumbo, na mvi mbili tatu juu ya masikio. Mama yake, Dorothée, mtu wa Uvira, muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, wakavu, alipanga nyumba ya tatu kutoka kwa Mwanasiti. Magoti ya Mwanasiti yalikuwa yamezeeka, lakini masikio yalikuwa bado ya msichana.

"Antibiotiki inaua virusi ya mafua?" Chanelle aliuliza.

"Apana."

"Mugonjwa akiacha dawa katikati, akairudia tena ovyo ovyo, nini inaweza kutokea?"

"Vijidudu dhaifu vinakufa, vile vikali vinabaki, vinazaa. Kesho dawa ile ile inakuwa kama maji. Ndiyo tunaita résistance." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma sala aliyoihifadhi.

"Dokta, mpaka hapa hujakosa hata moja."

"Mademoiselle, hii ni kazi yangu."

"Swali ya saba. Umeisha andika antibiotiki kwa mafua ya kawaida? Unachagua moja: kila mara, mara nyingi, mara chache, hata siku moja."

Ndani mtu akasogeza kiti.

"Hata siku moja," alisema daktari. Kalamu ikakwaruza. "Ngoja. Weka mara chache."

Mwanasiti aligusa kifua, pale kifuko kilipokaa.

"Swali ya nane. Kwa nini madaktari wanaandika dawa wakijua haina kazi?"

"Ni wagonjwa. Usipomupa dawa anasema hukumutibu. Watu yetu wanapenda dawa sana."

Huku nje Mwanasiti akakohoa, kikohozi kikavu cha mtu mzima anayetaka ijulikane kwamba yupo. Ndani sauti zikashuka. Baada ya kitambo Chanelle akatoka, akaketi mwisho wa benchi kupanga karatasi zake, na nesi Concilie akamwita Mwanasiti aingie.

Concilie alifungua kitambaa cha kidonda. Daktari aliinama kwa salamu, akabaki ameinama.

"Mama Radjabu, hii iko tangu lini?"

"Juzi."

"Juzi ya mwaka gani?"

"Mutoto wa Dorothée, usinitanie, naumwa."

Radjabu ni mwanawe mkubwa, yuko Rumonge, anauza vipuri. Daktari hakucheka. Aliangalia mistari ya kalamu mguuni, akaihesabu, akauliza nani aliichora. Mwanasiti akasema ni yeye. Daktari akatikisa kichwa kama mwalimu aliyepewa daftari safi na mwanafunzi asiyemtarajia.

"Na dawa gani umekunywa?"

"Hakuna. Panadol tu, na dua."

Alisema hivyo akiwa na sababu zake. Akisema kweli, karatasi itachukuliwa, na avenyu ya sita itabaki na kinu chenye ufa peke yake. Tena pazia ni jepesi, na nje ameketi msichana anayeandika kila kitu. Dorothée ni jirani yake. Hakuona haja ya kumvua nguo mtoto wa jirani mbele ya mtu wa chuo.

Concilie alipima sukari, akasema iko sawa. Daktari akachukua usaha kwa pamba ya kijiti, akautia kwenye kichupa.

"Hii inaenda labo, mujini. Wataweka vijidudu yako mbele ya dawa, moja moja, waone inakufa kwa ipi. Jibu ni siku ine. Lakini siku ine hatuwezi kukaa tunaangalia, wekundu inapanda. Chini ya hapa kuna mufupa. Ikiingia mu mufupa, Mama Radjabu, si mimi tena nitakutibu, ni wale wenye kukata."

"Kama Karimu."

"Kama Karimu. Kwa hiyo nakupa ya kuanzia leo. Maji ya mafuriko ni machafu, nakupa kitu kikali. Na kwa sababu hujakunywa kitu, itakushika muzuri."

Akaanza kuandika. Mwanasiti akanyoosha shingo. Alisoma shule ya msingi, akaacha kabla ya kumaliza, lakini alichosoma alikisoma. Na neno lile lenye C kubwa mwanzoni na x yenye mkia alikuwa amelitazama miaka minane. Kapsuli za mwisho za neno lile alizimeza Jumamosi. Hii ilikuwa Jumatatu.

Siku nne, alifikiri. Vidole vinne vya wekundu, na dawa niliyoimaliza juzi. Alimwona Karimu mlangoni kwake, sindano mkononi, akisubiri mtu apite.

"Dokta," alisema, "hiyo nimeimaliza Jumamosi."

"Ipi?"

"Hiyo unaandika. Na mwenzake, ule wa A."

Kalamu ikasimama. "Si umesema Panadol na dua?"

"Dua nilipiga. Concilie, mwanangu, kaangalie kama maji yanatoka bombani."

"Bibi, bomba iko hapa ndani."

"Kaangalie la nje."

Concilie akatoka polepole, kama mtu anayejua anafukuzwa. Mwanasiti akalivuta pazia mpaka mwisho, akatoa kifuko kifuani, akakiweka mezani kwa mikono miwili, kama mtu anayemkabidhi mwenzake mtoto mchanga.

Daktari akaitoa karatasi, akaisoma. "Ilikuwa ya ugonjwa gani?"

"Mafua ya Raihana."

"Mafua? Amoxi na cipro, zote mbili, kwa mafua?" Akaanza kupandisha sauti, halafu akalikumbuka pazia. "Nani alimuandikia mutoto hivi?"

"Daktari mumoja. Alikuwa kijana, mwembamba. Shati ilimuzidi."

Akaisogeza karatasi karibu na dirisha. Akaangalia kashe iliyofifia. Halafu akaangalia ile aliyokuwa akiandika sasa hivi, wino haujakauka. Akaziweka sambamba. X ya zamani ilikuwa na mkia uliopinda kushoto. X mpya nayo ilikuwa na mkia uliopinda kushoto.

Akakaa chini.

"Nilikuwa na wiki tatu tu hapa," alisema.

"Najua. Ndiyo maana sikusema mbele ya yule wa maswali."

"Nyumba ngapi zimeitumia?"

Mwanasiti akaanza kuhesabu kwa vidole. Lisette, mara nyingi. Watu wa nyumba ya kona. Assia kule Buterere, alikuwa anapelekewa. Karimu.

"Karimu lini?"

"Mwaka juzi. Kidonda kilipoanza."

Baada ya kusema hivyo aliacha kidole chake hewani. Alikuwa hajawahi kuviweka vitu hivyo viwili pamoja, karatasi na mguu wa Karimu, ingawa kila siku aliviona vyote. Daktari naye alikuwa akiangalia x.

"Huwezi kujua kama ni hiyo," alisema mwishowe. "Karimu alikuwa na sukari pia."

"Na wewe huwezi kujua kama si hiyo."

"Apana. Siwezi."

Nje mtoto alilia, mama yake akambembeleza. Mwanasiti akakunja kidole cha Karimu taratibu, akaendelea, kwa sababu orodha ilikuwa haijaisha na aliona ni afadhali yatoke yote siku moja.

"Halafu mama yako."

"Mama yangu nani?"

"Uko nao wangapi? Dorothée. Mwezi uliopita, kikohozi."

"Mama nilimwambia anywe chai ya tangawizi, apumuzike. Kilikuwa kikohozi ya kawaida."

"Alikasirika. Akasema amesomesha mutoto mpaka udaktari, leo mutoto anamupa chai. Akaja kwangu."

Daktari akajifuta uso kwa kiganja. Mwanasiti akamwacha ajifute. Halafu akasema, bila ukali, kama mtu anayeuliza bei:

"Kwa hiyo mama yako unamupa chai, sisi unatupa kapsuli."

Daktari akatazama pazia. "Mama yangu nitamupigia simu kesho, nijue kama amelala vizuri. We ukitoka hapa sijui kama utarudi. Kati ya watu mia wenye mafua, mumoja si mafua, ni kitu kingine, na huyo ndiye naogopa. Halafu kuna benchi. Kueleza mutu kwamba hahitaji dawa ni dakika kumi, na bado anatoka amenuna. Kuandika ni dakika moja, na anatoka anasema asante."

"Lakini yule musichana umemwambia ni sisi, tunapenda dawa."

"Si munapenda?"

"Tunapenda. Lakini kalamu ilikuwa kwako."

Daktari akaichukua ile ordonansi mpya, akaichana mara mbili, akaitupa kwenye kikapu. Akaandika nyingine, ya sindano ambayo jina lake Mwanasiti hakuwahi kuliona.

"Siku kumi. Kila siku hapa, mbele ya Concilie. Na kidonda kinasafishwa kila siku."

"Kumi?"

"Kumi. Siku ya saba ukiona umepona ukakaa nyumbani, nitamutuma mama yangu aje akutoe."

Kisha akaivuta ile karatasi ya zamani, nayo akataka kuichana. Mwanasiti akaweka kiganja juu yake.

"Hii ni yangu," alisema daktari. "Ni mimi niliandika."

"Uliandika, ukanipa. Ukimupa mutu kitu kinakuwa chake."

Daktari hakuweza kuvuta. Angevuta, ingechanika chini ya mkono wa mama mtu mzima, rafiki wa mama yake, na habari ingefika nyumba ya tatu kabla yake.

"Nipe siku kumi," alisema Mwanasiti. "Haitatoka kwangu, nimekuapia. Mguu ukibaki, nitakuletea mwenyewe, kwa miguu. Mguu ukienda, nitaibandika pale nje, juu ya benchi, kila mutu asome x yako."

Alipotoka akamkuta Chanelle ameshafunga mkoba. Mara pazia likafunguka nyuma yake.

"Mademoiselle. Ile swali ya saba, futa. Weka mara nyingi."

Chanelle akafungua mkoba tena. "Na ya nane, Dokta?"

"Ya nane andika nilikuwa na haraka."

"Hakuna nafasi ya hiyo. Ni kuchagua tu: mugonjwa anataka, labo iko mbali, au nyingine."

"Andika pembeni, basi."

Concilie alikuwa na mkono mzito wa sindano, na Mwanasiti alimwambia hivyo kila siku. Siku ya nne jibu la labo likarudi. Daktari akamwonyesha: majina ya dawa yamepangwa kushuka chini, na mbele ya kila jina herufi moja. R maana yake vijidudu vimekataa kufa, S vimekubali. Mbele ya ile ya A palikuwa na R. Mbele ya ile ya C, R. Nyingine mbili, R. Chini kabisa S mbili, na moja ilikuwa ile sindano. Daktari aliweka kidole juu ya R ya ile C, akakiacha hapo kitambo, kisha akakiondoa.

Mguuni, wekundu ulikuwa umerudi nyuma ya mstari wa tatu.

Siku ya sita alimpitia Karimu, akaketi kwenye kigoda chake, akamwambia yote, kuanzia siku ya mvua mpaka labo. Karimu alikuwa anapiga lisani ya kanzu kwa mkono. Alishona mpaka uzi ukaisha.

"Ulijua?" aliuliza.

"Sikujua."

"Na mi sikujua. Muganga wa hospitali alinikataza vitumbua sababu ya sukari, nikaendelea kula." Akatunga uzi mwingine, akalikosa tundu la sindano mara mbili. "Siku moja moja ukipita, kaa kidogo. Usiwe unanisalimia ukikimbia."

Siku ya nane kulikuwa na harusi Buyenzi. Mguu hauumi, kidonda kimeanza kuwa na ngozi nyembamba pembeni, na kitenge kipya kimepigwa pasi. Mwanasiti akajiambia sindano saba si haba. Alikuwa anafunga kilemba wakati Dorothée alipotokea mlangoni, beseni la ndagala kiunoni.

"Mutoto yangu amenituma. Amesema nisirudi bila wewe. Umemufanya nini?"

"Hakuna. Ananipenda tu."

Akadungwa sindano ya nane akiwa amevaa nguo za harusi, na Concilie akasema leo angalau mgonjwa amependeza.

Siku hizo zote Lisette alikuja mara tatu kutaka karatasi, mwanawe anakohoa. Mwanasiti akamwambia imefungwa. Lisette akauliza imefungwa na nani, kwani ni duka, na sasa watu watatibiwa na nani. Akaondoka, akamnyima kinu siku mbili. Mwanasiti akaona kumbe jambo halijaisha. Ukiondoa karatasi moja mikononi mwa watu, lazima kuwe na nyingine ya kushika. Vinginevyo wataenda kuazima avenyu ya saba.

Siku ya kumi akaenda kwa miguu, kama alivyoahidi. Akaiweka karatasi mezani, na kiganja juu yake.

"Nipe nyingine," alisema.

"Nyingine ya nini? Umepona."

"Ya mafua. Isiyo na zile mbili."

"Mama Radjabu, ordonansi isiyo na dawa si ordonansi."

"Ikiwa na kashe ni ordonansi. Bila kashe watasema nimeandika mi mwenyewe. Na uweke mara tatu kwa siku. Watu wanaheshimu mara tatu kwa siku. Na kitu kimoja cha kununua kwa Shakuru, asije akanichukia."

Daktari akamtazama, akatazama benchi chini ya pazia, miguu imejipanga. Akavuta karatasi safi. Akaandika taratibu, herufi zinazosomeka, kwanza kwa Kirundi kisha kwa Kiswahili: chai ya tangawizi na asali, mara tatu kwa siku, siku tano. Maji vuguvugu yenye chumvi, matone puani. Paracétamol kama mwili una moto. Antibiotiki apana; hapo akapiga mstari chini. Halafu akaandika kwa wino mwekundu: mtoto akihema haraka, au mbavu zikiingia ndani, au homa ikipita siku tatu, aje kwangu siku hiyo hiyo, bila karatasi yoyote.

Akagonga kashe. Mwanasiti akaiangalia, akaona imetoka hafifu upande mmoja, akamwambia agonge tena. Akagonga tena.

Ndipo akaondoa kiganja. Daktari hakuichana ile ya zamani. Aliitia kwenye droo, na Concilie anasema bado imo, na kwamba siku nyingine daktari akivuta droo kutafuta kalamu hutuliza macho hapo kabla ya kuandika. Si kwamba alibadilika siku moja. Benchi ni lile lile, na Mwanasiti, ambaye hukaa pale hata akiwa hana ugonjwa, kuna asubuhi humsikia akiandika upesi upesi. Hapo yeye hukohoa.

Wa kwanza kuiazima ile mpya alikuwa Lisette, na mtoto wake akapona siku ya nne. Shakuru aliisoma karatasi mpya mbele na nyuma, akatafuta dawa nyingine ilipojificha, akauza paracétamol, akasema shangazi ameharibu biashara.

Wa pili kuiazima alikuwa Dorothée. Kikohozi kilimrudia na msimu wa vumbi. Akaenda nayo, akairudisha kabla ya magharibi, bila mkunjo mpya.

"Imenishika," alisema akijipangusa pua. "Siku ya ine tu, nimekuwa muzima. Huyu daktari ni nani? Miwani yangu ilikaliwa na mugeni, jina sikuona."

"Iliandikwa nini?" Mwanasiti aliuliza, kana kwamba hajui.

"Lisette alinisomea. Chai ya tangawizi. Lakini ni chai iliyopimwa, mara tatu, siku tano, na kashe mbili. Si kama chai ya yule wangu, anasema tu kunywa chai, mama, anakata simu."

Mwanasiti akaitia karatasi kwenye kifuko cha leseni ya marehemu, akakikandamiza hewa itoke.

"Ni daktari mumoja hivi," alisema. "Mutu muzima. Ana tumbo."

"Nitamwambia Vainqueur aende ajifunze kwake."

"Mwambie," alisema Mwanasiti, akavaa kandambili zake mbili, akamsindikiza mpaka nyumba ya tatu, kisha akavuka barabara kwenda kukaa kidogo kwa Karimu.